Kufuga Harpegnathos, sisimizi mwindaji anayeruka: mwongozo kuanzia boksi tupu

Haya wadau, huu ni wa wale mnaotaka kufuga Harpegnathos saltator, yule sisimizi wa India mwenye macho makubwa mbele ya kichwa na taya ndefu zilizopinda kuelekea juu, au ndugu yake Harpegnathos venator wa kusini mashariki mwa Asia, mweusi, ambaye ndo unamkuta zaidi kwa wauzaji wa Ulaya. Nawaweka wote wawili kwenye mwongozo mmoja mana matunzo yao karibu ni yale yale. Ntakuwa namwita mrukaji tu ili tusichoshane na majina ya kisayansi.

Niseme mapema kinachoua koloni nyingi. Watu wanamchukulia mrukaji kama sisimizi yeyote tu, wanamwekea tone la asali, wanamwacha kwenye testi tyubu yenye pamba na maji, wanamtupia mende mzima anayemzidi mara tano, alafu baada ya muda wanauliza mbona mabuu yanakauka, mbona malkia hatagi. Huyu si wa sukari. Ni mwindaji wa kutumia macho, anatoka mchana peke yake, hana ile mistari ya kufuatana, hana jeshi, na familia nzima porini ina vibarua (majike wanaofanya kazi za nyumba) kama 65 hivi kwa wastani, yaani ni wachache kiasi kwamba kila mmoja anayekufa kwa uzembe wako hasara unaiona siku iyo iyo. Anataka udongo wenye unyevu usiolowa, windo hai la saizi yake, na wewe uache kumsumbua.

Mjue kwanza

Kisayansi alielezwa mwaka 1851 na Thomas Jerdon, daktari Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kusini mwa India. Kibarua ana urefu wa sentimita 1.5 hivi, malkia anamzidi kidogo tu, ukiwa mgeni unaweza kukodoa macho dakika nzima usijue malkia ni yupi mpaka uangalie kifua, cha malkia ni kinene na kina makovu pale mabawa yalipong'oka. Anaruka kweli kweli, sentimita kadhaa mpaka kama 10. Anaruka kumkamata mdudu, na anaruka akishtuka, sasa hilo la pili ndo linakuhusu wewe na mkono wako.

Kitu cha kukaa kichwani zaidi ni nyumba yake ya porini. Kule Western Ghats, milima ya magharibi mwa India, mvua za monsuni zikianza udongo unalowa chapachapa kwa wiki nyingi. Mrukaji anachimba chumba kikubwa karibu na uso wa ardhi, anakijengea paa nene la kuba, na kuzunguka kile chumba anaacha nafasi wazi, kwa iyo maji yakishuka yanapita pembeni na ndani hayaingii. Ukuta wa ndani anautandika vipande vya vifuko vya pupa (buu linalogeuka kuwa sisimizi kamili) vilivyokwisha kazi, na chini kabisa kuna chumba cha takataka, miguu ya nyenje, vichwa vya mende, vyote huko. Mdudu anayejipanga namna hiyo dhidi ya maji ukimweka kwenye bomba la kioo lenye matone kila upande unategemea nini?

Sheria, hapa usiruke

Mnakumbuka kesi ya Kenya, Mei 2025, vijana wawili wa Ubelgiji, Mvietnam mmoja na Mkenya mmoja, kila mtu faini ya shilingi milioni moja au mwaka mmoja jela, kisa kutorosha sisimizi. Wale Wabelgiji walikutwa Naivasha na malkia kama 5,000 kwenye vichupa vyenye pamba. Sisimizi wale hawakuwa warukaji, walikuwa Messor cephalotes, wale wekundu wanaokusanya mbegu, ila funzo la sheria ni lile lile, mdudu ni mali ya nchi kama alivyo ndovu. India nako kuna sheria ya bioanuwai ya mwaka 2002, mgeni hachukui kiumbe hai akaondoka naye bila idhini ya serikali. Marekani unahitaji kibali cha wizara ya kilimo, na si cha kuingiza tu, hata kumtoa jimbo moja kwenda jingine. Kwa iyo tafuta mfugaji wa nchini kwako mwenye koloni iliyozaliwa kwake, omba karatasi, zitunze.

Kama uko Bongo, Kenya au Uganda ushauri wangu ni mmoja, usiagize mrukaji kutoka nje. Sisimizi wa kigeni akitoroka huwezi kumrudisha. Huku kwetu kuna wawindaji wa ukoo huo huo wa karibu, Odontomachus troglodytes mwenye taya za mtego anazozifungua wazi kabisa kisha zinafunga kwa kishindo, na Paltothyreus tarsatus yule mweusi mkubwa anayenuka ukimshika. Karibu kila kitu cha hapa chini kinawafaa, na bado ulizia kwa mamlaka ya wanyamapori kabla hujachimba shimo la mtu. Ila sungusungu, Megaponera, wale weusi wanaotoka kwa msafara kwenda kuvamia mchwa, achana nao, wanakula mchwa tu na si mchwa wowote, ni wale wanaolima kuvu. Huwezi kuwalisha sebuleni.

Hatua ya 1: Kununua

Utakutana na namna tatu. Malkia peke yake, malkia na vibarua wachache wenye mayai na pupa, au kundi la vibarua watupu ambao baadhi yao wanataga. Hao wa tatu usidhani unatapeliwa, kwa mrukaji hiyo ni koloni halali kabisa, ntaeleza mbele.

Kwa anayeanza, chukua ya pili. Malkia wa mrukaji akianzisha familia hajifungii ndani akaishi kwa mafuta ya mwilini kama malkia wa sisimizi wengi wanavyofanya, huyu lazima atoke akawinde mwenyewe huku mayai yako nyumbani, ina maana kila siku ya miezi ya mwanzo ni ya wasiwasi. Ukimpata mwenye vibarua kumi hivi na pupa kadhaa umevuka sehemu mbaya zaidi.

Kabla ya kulipa omba video, sio picha. Angalia wanatembea vipi, mrukaji mzima anainua kichwa na kukugeukia, anakutazama kabisa. Anayeburuta miguu au amejikunja pembeni muache. Alafu kuza picha uangalie maungio ya miguu na shingo kama kuna vidonge vidogo vya rangi ya kahawia au nyeupe vimeng'ang'ania, huo ni utitiri, hata kwa bei ya kutupa usichukue. Na wakati wa baridi kali ya Ulaya mwambie muuzaji asubiri, joto la masika halichelewi kihivyo.

Hatua ya 2: Kujenga nyumba

Hapa usifanye haraka, anza wiki kama tatu kabla hawajafika.

Unahitaji boksi mbili za plastiki ngumu au kioo, moja ya kulala na moja ya kuwindia, zimeungwa kwa mpira wa kupitisha wenye tundu la sentimita 1.2 au zaidi kidogo. Tundu dogo zaidi ya hapo atapita mwenyewe lakini akibeba nyenje anakwama, anaanza kusukuma na kuvuta mpaka windo linachanika.

Boksi ya kulala inakuwa ya jipsam. Hiyo POP ya unga wanayotumia mafundi wa silingi ndo hiyo hiyo, hakikisha tu haina rangi wala dawa ya kuzuia ukungu. Koroga kwa maji mpaka iwe uji mzito unaomwagika, mimina sentimita 4 hivi kwenye boksi, gonga gonga boksi mezani mapovu yatoke. Ikianza kushika, kabla haijawa ngumu kabisa, chonga kwa kijiko chumba kimoja kikubwa, tuseme sentimita 8 kwa 6, kina cha sentimita 2, na pembeni chumba kidogo cha pili kwa ajili ya takataka, viungane kwa njia fupi. Usichonge vyumba kumi kama nyumba za maonyesho. Ukiwapa nafasi kubwa kuliko idadi yao kinachotokea ni kwamba chumba kimoja wanalala, vingine vyote vinageuka choo na jalala, na huko ndo ukungu unapoanzia. Koloni ikikua utachonga nyingine.

Upande mmoja wa boksi chonga shimo refu ambalo halifiki kwenye chumba, acha ukuta wa jipsam wa sentimita 2 katikati. Humo ndo utakuwa unatia maji, yanapenya taratibu, ukuta wa upande ule unakuwa na unyevu na wa upande wa pili unabaki mkavu zaidi, wenyewe watachagua wapi waweke mayai na wapi waweke pupa. Ndo ile nafasi wazi ya porini tumeigeuza kidogo, maji yawe jirani, yasiwe chumbani.

Acha jipsam ikauke kabisa, wiki moja au zaidi, mpaka boksi ikiwa mkononi unaisikia nyepesi na haina ule ubaridi. Alafu tandika ndani ya chumba udongo kidogo, nusu sentimita hivi. Mchanganyiko ninaoupenda ni mchanga mwembamba, udongo wa mfinyanzi uliosagwa na vumbi la makumbi ya nazi, vyote vimepigwa kwenye oveni kuua mayai ya wadudu wengine. Huo udongo sio pambo. Buu la mrukaji likikomaa linafuma kifuko, na ili lifume linahitaji chembechembe za kushikiza nyuzi, vibarua wanalifukia wenyewe kwenye udongo. Kwenye sakafu tupu ya kioo linazunguka zunguka linafuma hewani, mwisho linakufa. Juu funika kwa kioo, juu ya kioo weka kadibodi nyeusi au nailoni nyekundu, giza liwepo.

Boksi ya kuwindia iwe angalau sentimita 30 kwa 20 na urefu wa 15. Kwenye kuta laini safi hawapandi vizuri lakini wanaruka, kwa iyo mfuniko ni lazima, tena ule wenye dirisha la wavu wa chuma mwembamba, chandarua cha kawaida nyenje wanakitafuna. Sakafu mchanga na udongo, weka mawe mawili matatu, kijiti, majani makavu. Vitu hivi ukishavipanga usivihamishe hamishe kila ukisafisha, mrukaji anatumia macho kujua njia ya nyumbani, ukimhamishia jiwe lake unamkuta anazunguka pale pale amepotea wakati mlango uko mbele yake.

Hatua ya 3: Joto, mwanga na maji

Joto la nyuzi 24 mpaka 27 linatosha, maabara nyingi zinakaa kwenye 25 na koloni zinakwenda miaka. Kama chumba chako ni cha baridi weka mkeka wa joto ubavuni mwa boksi ya kulala, sio chini yake, na uwe na themostati, kile kifaa cha kuzuia joto lisizidi, mkeka usio na themostati unakausha jipsam usiku mmoja. Hawana msimu wa kulala wa baridi, mwaka mzima joto ni lile lile.

Mwanga masaa 12, giza masaa 12. Taa ndogo ya LED juu ya boksi ya kuwindia na taima ya ukutani imeisha hiyo. Hawa ni wa mchana, ukiwaacha kwenye kabati lenye giza muda wote wanakuwa wazito, hawatoki.

Unyevu sasa. Watu wanapenda namba, haya, hewa ya chumbani iwe kama asilimia 70 mpaka 80, lakini kipimo cha unyevu cha shilingi elfu kumi kitakudanganya na kidole hakitakudanganya. Upande wa maji jipsam iwe na ubaridi ule wa kanga uliyoianua kabla haijakauka vizuri, unaisikia mbichi lakini haikuachii maji mkononi. Ukiona matone yamejipanga chini ya kioo umezidisha, fungua kidogo, acha kutia maji siku kadhaa. Ukiona pupa zote zimesogezwa zikabanana kwenye ukuta wa upande wa maji umechelewa, tia. Kuwasoma wao ni bora kuliko kipimo. Tumia bomba la sindano, mililita chache kila siku mbili tatu, na kwenye boksi ya kuwindia weka kifuniko kidogo chenye pamba iliyoloweshwa wanywe.

Hatua ya 4: Kuwahamishia

Wakifika waache kwenye boksi lao la safari masaa machache wapoe, gizani. Alafu liweke wazi ndani ya boksi ya kuwindia, washa taa, na nyumba ya kulala iwe tayari na giza na unyevu wake. Ondoka. Watahama wenyewe, usiku huo au kesho yake au baada ya siku tatu, wanabebana, wanabeba mayai kwenye taya moja moja. Usiwamwage, usiwapulizie, kuhamishwa kwa nguvu ndo wakati wanapokula mayai yao.

Wiki mbili za kwanza funua kadibodi mara chache sana, najua utamu wa kuchungulia, jizuie.

Hatua ya 5: Kulisha

Chakula kikuu ni nyenje wadogo, mende wadogo wa kufuga, nzi, buibui wadogo wasio na sumu kali. Windo lisizidi urefu wa sisimizi mwenyewe, sentimita 1 ndo saizi tamu. Kwa malkia aliye peke yake nenda chini zaidi, nyenje wa nusu sentimita na umng'oe miguu ya kurukia, mana malkia akipigwa teke la jicho koloni ndo imeishia hapo. Funza wa unga wanakula lakini ngozi yake ngumu na inaacha mabaki mengi, mimi nampa windo hilo kwa nadra.

Windo liwe hai. Mrukaji anachokiona ni kitu kinachotembea, mdudu mfu mara nyingi anampita kama jiwe. Angalia siku moja kwa utulivu, mdondoshe nyenje upande wa mbali na mlango kisha usitikisike. Kibarua anatoka, anasimama. Kichwa kinageuka, sio mwili, kichwa tu, kinafuata nyenje anavyosogea. Anasogea hatua mbili, anaganda. Nyenje akisimama naye anasimama. Antena zimelala nyuma. Akifika karibu urefu wake mara mbili tatu hivi anajikunja kidogo miguu ya kati na ya nyuma, na unachokiona baada ya hapo ni kwamba tayari nyenje yuko kwenye taya, mkia wa sisimizi umepinda kwa chini, mwiba umeingia kwenye kifua. Sekunde chache nyenje kalegea. Hajafa! Amepooza, na anabebwa hivyo hivyo mzima mpaka chumbani ambako anakaa bila kuoza, ndo friji yao hiyo. Kwa iyo ukichungulia ukakuta nyenje wanne wamelala pembeni wanatikisa antena kidogo kidogo usiwatoe, ni akiba.

Na hiyo akiba ndo kipimo chako cha kulisha. Chumbani kuna windo lililopooza halijaguswa? Usitie jingine leo. Hakuna? Tia. Koloni ya vibarua 20 wenye mabuu inaweza kumaliza nyenje watatu wanne wa sentimita moja kwa siku mbili, isiyo na mabuu inakula nusu yake au chini ya hapo. Wanaokula sana ni mabuu, vibarua wanachukua windo wanaliweka pale mabuu yalipo, yana shingo ndefu, yanainama yenyewe yanatafuna, hakuna kulishana mdomo kwa mdomo kama sisimizi wengine.

Windo lililobaki hai kwenye boksi ya kuwindia mpaka usiku litoe. Nyenje mwenye njaa anatafuna chochote laini, mayai na mabuu yakiwemo, yaani unageuza mwindaji kuwa mwindwa.

Alafu lisha windo kabla ya kulilisha. Nyenje wa dukani wamekaa kwenye kikopo na karatasi, matumbo matupu. Wape karoti na shayiri siku nzima ndo uwatoe. Wadudu wa nje ya nyumba, bustanini, barabarani, sishauri, huwezi kujua jirani kapuliza dawa gani na dawa ya mbu iliyomgusa nzi mmoja inatosha kumaliza familia ya sisimizi 30. Kwa sababu hiyo hiyo chumba chenye koloni hakipuliziwi kopo la dawa ya mende, hata nyumba ya jirani wakipuliza funga madirisha.

Hatua ya 6: Mayai, mabuu, pupa

Hapa kazi yako ni ndogo. Mayai marefu meupe kwenye vikundi, mabuu, kisha vifuko vya rangi ya kahawia. Kutoka yai mpaka kibarua ni miezi kama miwili na zaidi kwa joto la 25, ukipunguza joto inavuta. Kifuko kikishafunguliwa usikitoe, utawaona wanakichana vipande na kuvibandika ukutani, kile kile wanachofanya porini, na chumba kilichobandikwa hivyo kinashika unyevu sawasawa kuliko jipsam tupu. Kila ninapomwona mtu amesafisha chumba mpaka kinang'aa nasikitika, amefuta kazi ya miezi.

Hatua ya 7: Usafi na magonjwa

Safisha jalala, usisafishe chumba. Mabaki wanayotupa boksi ya kuwindia au kwenye chumba cha takataka toa kwa kibano kirefu mara moja kwa wiki, kibano chenye ncha butu. Ndani ya nyumba tia kolembola, wale wadudu weupe wadogo sana wanaorukaruka kwenye udongo wenye majani yaliyooza, wanauzwa kwenye vikopo na wanakula ukungu, wanaishi na warukaji bila ugomvi. Hata porini jalala la mrukaji lina wapangaji wake, mabuu ya nzi wadogo wanaoishi kwa kula mabaki.

Ukungu mweupe kwenye kipande cha mende ni kawaida, toa kipande. Ukungu kwenye ukuta wa chumba maana yake maji mengi na hewa ndogo. Utitiri ndo kesi ngumu, wale wanaotembea tu kwenye mabaki wanapungua ukikausha na kutoa uchafu, lakini wakiwa wamekaa mwilini mwa sisimizi wenyewe hama nyumba nzima, jipsam mpya, udongo mpya, na usipeleke kibano hicho kwenye koloni nyingine.

Mwiba wao unauma, kwa wengi ni maumivu makali ya muda na uvimbe kidogo. Kama una aleji ya nyuki au manyigu, mnyama huyu sio wako, niamini. Unapofungua mfuniko fungua ukiwa umeweka boksi ndani ya beseni pana, akiruka anatua kwenye beseni, humkimbizi chini ya kochi.

Hatua ya 8: Malkia akifa

Sehemu niliyokuwa naisubiri. Kwa sisimizi wengi malkia akifa unahesabu siku. Kwa mrukaji ndo kwanza mambo yanaanza, na ndo sababu maabara za Marekani, New York na Arizona, zinamfuga kwa wingi na jinomu yake, yaani DNA yake yote, ikasomwa mwaka 2010, yeye na sisimizi mwingine wa Florida, wa kwanza kabisa kati ya sisimizi wote.

Vibarua wa mrukaji ni majike kamili, wana mfuko wa kuhifadhi mbegu za dume na wanaweza kupandana na madume humo humo nyumbani. Malkia akiwepo harufu yake inawatuliza. Akiondoka, ndani ya siku chache utaona wawili wamesimama uso kwa uso wanachapana kwa antena, huyu anasogea mbele anachapa haraka haraka mwenzake anarudi nyuma, kisha zamu inageuka, yule anasogea huyu anarudi. Hawaumizani. Wanaweza kuendelea hivyo koloni nzima mpaka siku kama 40. Mwishoni kadhaa wanabaki juu, wanaanza kutaga, wengine wanarudi kazini. Wale walioshinda ovari zinakua, ubongo unasinyaa kwa kama asilimia 20, na umri wao unabadilika kabisa, kibarua wa kawaida anaishi kama miezi 7 lakini huyu anayetaga anaweza kufika miaka mitatu minne. Na ukimtenga peke yake anarudi kuwa mwindaji na ubongo unakua tena! Hakuna mdudu mwingine ninayemjua mwenye kiburi cha namna hiyo.

Kwako wewe mfugaji kazi ni kutoingilia. Usiwatenganishe ukidhani wanapigana. Utaona pia vibarua wawili watatu wamembana mwenzao kwa taya, wamemshika tu hawamkati, hao wanamzuia anayetaka kutaga bila ruhusa, muache ashughulikiwe. Kipindi hicho uwindaji unapungua, tia windo dogo dogo na hakikisha maji yapo. Kitu kimoja cha kuangalia ni madume, wembamba wenye mabawa. Kama kuna madume au pupa za madume wakati malkia anakufa una bahati, vibarua watapandana na koloni itaendelea. Kama hakuna, mayai watakayotaga yatakuwa hayajarutubishwa na yatatoa madume matupu, kwa iyo usikimbilie kutoa madume kila wakitokea eti wanakula bure, waache.

Ukitaka kugawa koloni usubiri ifike 50 na zaidi, gawa nusu na mabuu yao na madume wachache. Kundi la chini ya vibarua kumi linayumba, wawindaji hawatoshi na walinzi wa mayai hawatoshi.

Safari

Wiki moja wanaweza kukaa bila wewe. Siku mbili kabla ya kuondoka walishe mpaka akiba ya windo lililopooza iwepo chumbani, tia maji kwenye shimo la pembeni mpaka juu, pamba ya kunywa weka mbili, punguza themostati nyuzi moja au mbili, alafu hakikisha hakuna nyenje hai aliyebaki boksi ya kuwindia. Ukienda likizo ndefu zaidi ya hapo mwachie mtu, na umwonyeshe kwa vitendo kuwadondosha nyenje wawili na kufunga mfuniko, mengine yote mwambie asiguse, hasa kadibodi.